Maktaba za Afrika Kaskazini: Vitabu ni vyao, funguo ziko kwa nani?

Ilikuwa asubuhi ya Ijumaa, tarehe 24 Januari 2014, pale gari lililojazwa baruti lilipolipuliwa mbele ya makao makuu ya polisi ya jiji la Cairo, nchini Misri. Watu waliuawa na wengine wengi wakajeruhiwa. Vyombo vya habari vya dunia vilihesabu maiti, vikataja makundi yaliyotuhumiwa, kisha vikahamia habari nyingine. Ni wachache waliogeuka kutazama upande wa pili wa barabara, lilipo jengo lenye Makumbusho ya Sanaa ya Kiislamu pamoja na Darul-Kutub ya Babul-Khalq, maktaba ya taifa iliyoasisiwa mwaka 1870 kwa pendekezo la mwanazuoni na waziri Ali Mubarak katika zama za Khedive Ismail. Madirisha yalipasuka, dari zikaporomoka, na baadhi ya miswada iliyodumu karne nyingi ikadhurika katika dakika moja.

Tumeanza na tukio hilo, ndugu msomaji, si kwa kuwa kitabu kina thamani kuliko roho ya mwanadamu. La hasha. Tumeanza nalo kwa sababu linatuletea swali ambalo sisi wa Afrika Mashariki tumelikwepa kwa muda mrefu. Tunapozungumza juu ya Waarabu na jamii za Afrika Kaskazini, tunazungumza kwa kutegemea nini?

Tangu moto wa maandamano ulipowaka Tunisia mwezi Desemba 2010, kila baraza la kahawa limekuwa na mchambuzi wake wa siasa za Misri, Libya na Algeria. Wako wanaozitetea jamii hizo kwa kila jambo kwa kuwa ni ndugu katika imani, na wako wanaozibeza kwa kila jambo kwa kuwa wameona picha za vita katika televisheni. Makundi yote mawili yana kasoro moja: hayajasoma. Na hata anayetaka kusoma atakuta kwamba njia ya kufika kwenye vitabu vinavyozieleza jamii hizo ina mageuko mengi, na mara nyingi inapitia Paris, London au Madrid kabla ya kufika Fez, Tunis au Cairo.

Kilwa iliyosomwa Paris

Tuchukue mfano ulio karibu nasi. Kila mwanafunzi wa historia katika pwani yetu anafahamu kuwa Ibn Battuta, mzaliwa wa Tangier nchini Moroko, alifika Mogadishu, Mombasa na Kilwa mwaka 1331. Maelezo yake juu ya Sultani wa Kilwa, Hasan bin Sulaiman, aliyepewa lakabu ya Abul-Mawahib kwa ukarimu wake, yamenakiliwa katika vitabu vya shule hadi yamekuwa kama mali yetu wenyewe. Alimsimulia safari hizo katibu Ibn Juzayy, na kitabu kikakamilika mjini Fez mwishoni mwa mwaka 1355.

Je, kitabu hicho kimetufikiaje? Wafaransa walipoivamia Algeria mwaka 1830 na kuendelea kuuteka mji mmoja baada ya mwingine, askari na maafisa wao walikusanya pia miswada. Nakala za safari ya Ibn Battuta zilizopatikana huko zilipelekwa katika maktaba ya taifa mjini Paris, na kutokana nazo wataalamu wawili, Defrémery na Sanguinetti, walichapisha maandishi ya Kiarabu pamoja na tafsiri ya Kifaransa kati ya mwaka 1853 na 1858, katika mijalada minne. Chapa hiyo ndiyo iliyokuwa msingi wa tafsiri nyingi zilizofuata. Kwa maneno mengine, habari ya Mwafrika wa Kilwa iliyosimuliwa na mtu wa Maghrib ilimrudia Mwafrika wa Kilwa kwa kupitia kabati la Mfaransa.

Hatusemi haya ili kuwatukana wataalamu wale wawili. Kazi yao ilikuwa ya uangalifu na tumenufaika nayo. Tunachosema ni kwamba anayeshika maktaba ndiye anayeamua kipi kichapishwe kwanza, kipi kisubiri, na kipi kibaki vumbini. Uamuzi huo ndio unaozaa picha ambayo dunia nzima hubaki nayo juu ya watu fulani.

Jamii haijulikani kwa vitabu vya fikihi peke yake

Vijana wetu wengi waliokwenda kusoma Azhar, Khartoum au Madina wamerudi na elimu yenye manufaa, nasi tunawashukuru. Lakini wengi wao hurudi wakiwa wanaijua hukumu ya jambo bila ya kuijua jamii iliyolizaa jambo hilo. Maktaba za Kiarabu zina hazina tatu ambazo mtafiti wa jamii hawezi kuzikosa.

Ya kwanza ni mikusanyiko ya fatwa. Ahmad al-Wansharisi, aliyefariki mjini Fez mwaka 1508, alikusanya katika kitabu chake kiitwacho al-Mi'yar fatwa za wanazuoni wa Maghrib na Andalusi za karne kadhaa. Kitabu hicho kilipigwa chapa Fez mwishoni mwa karne ya 19, na tangu hapo wanahistoria wamekisoma si kwa ajili ya jibu la mufti tu, bali zaidi kwa ajili ya swali la muulizaji. Kwani nani huuliza juu ya maji ya mfereji isipokuwa mkulima aliyegombana na jirani yake? Nani huuliza juu ya mahari isipokuwa mwenye binti? Ndani ya maswali hayo mna bei, ugomvi, njaa, ndoa na safari za watu ambao hakuna mwandishi wa kifalme aliyewataja.

Ya pili ni daftari za mahakama za kisharia. Misri ina daftari hizo kwa wingi tangu karne ya 16, zama za utawala wa Waturuki wa Uthmaniya. Mwanahistoria wa Kimisri, Nelly Hanna, alizifungua na kutoka humo akaandika kitabu, kilichotoka mwaka 1998, juu ya mfanyabiashara wa Cairo aitwaye Ismail Abu Taqiyya, aliyeishi takriban miaka 400 iliyopita na kufanya biashara ya kahawa na sukari. Kwa kufuata mikataba, madeni, ndoa na mirathi yake iliyosajiliwa kwa kadhi, uhai mzima wa mtu huyo ukajengwa upya. Daftari hizohizo zimeonyesha wanawake wakidai mahari zao, wakiuza nyumba na kusimamia wakfu, jambo linalowasuta wale wanaodai kuwa mwanamke wa Kiislamu wa zamani hakuwa na sauti mbele ya sheria.

Ya tatu ni karatasi za watu wa kawaida. Katika sinagogi la Ben Ezra, Fustat, ambayo leo ni sehemu ya Cairo, Mayahudi walikuwa na desturi ya kutotupa karatasi yenye maandishi kwa kuchelea kulidhalilisha jina la Mungu. Wakazirundika katika chumba kwa karne nyingi. Mwaka 1896 na 1897 mwanazuoni Solomon Schechter alichukua vipande vinavyokaribia 190,000 na kuvipeleka Chuo Kikuu cha Cambridge, Uingereza. Vingi vimeandikwa kwa lugha ya Kiarabu kwa herufi za Kiebrania. Kutokana na vipande hivyo na vingine vya asili hiyo, S. D. Goitein aliandika kazi kubwa ya mijalada kadhaa, iliyoanza kutoka mwaka 1967, juu ya maisha ya Waislamu, Wakristo na Mayahudi wa nchi za Bahari ya Kati, wakiwemo wafanyabiashara wa Tunisia waliofika hadi India. Jamii ambayo leo tunaambiwa haikuwahi kuishi pamoja ila kwa kuchinjana, karatasi zake zinaonyesha majirani walioshirikiana biashara, wakagombana na wakasuluhishwa.

Hebu tujiulize. Kama chumba kile kingesafishwa na mtu mwenye haraka, nani leo angeyajua hayo?

Vilivyochukuliwa

Historia ya maktaba za Afrika Kaskazini ni historia pia ya vitabu vilivyohamishwa kwa nguvu. Mwaka 1612, Sultani Zaydan wa Moroko, akikimbia machafuko ya nchi yake, aliikodi merikebu ya Mfaransa ili ihamishe vitabu vyake kutoka bandari ya Safi hadi Agadir. Nahodha hakulipwa ujira wake, akang'oa nanga na shehena yote, na merikebu ikakamatwa baharini na Wahispania. Miswada ipatayo 4,000 ikaishia katika jumba la El Escorial karibu na Madrid, ambako moto wa mwaka 1671 uliteketeza sehemu kubwa. Wafalme wa Moroko walidai vitabu hivyo kizazi baada ya kizazi. Mwaka 2013, baada ya karne nne, Hispania iliikabidhi Moroko nakala zake za mikrofilamu. Vitabu vyenyewe vilibaki El Escorial.

Amiri Abdulqadir wa Algeria, kiongozi wa jihadi dhidi ya Wafaransa, alikuwa pia mtu wa vitabu. Kambi yake kubwa iliyokuwa ikihamahama iliposhambuliwa mwezi Mei 1843, maktaba yake ilisambaratishwa, na baadhi ya miswada hiyo ikaingia katika jumba la Chantilly, Ufaransa. Miaka zaidi ya mia moja baadaye, Wafaransa walipokuwa wakijiandaa kuondoka Algeria mwaka 1961 na 1962, shehena kubwa ya nyaraka za serikali ilivushwa bahari, na leo sehemu yake kubwa iko Aix-en-Provence. Na tarehe 7 Juni 1962, wiki chache tu kabla ya uhuru, kundi la walowezi wenye silaha lililojulikana kwa jina la OAS liliichoma maktaba ya Chuo Kikuu cha Algiers, na vitabu vya kuhesabiwa kwa malaki vikateketea. Walitaka taifa lizaliwe bila ya kitabu mkononi.

Haya si mambo ya kale yaliyokwisha. Ufaransa hushikilia hoja kwamba nyaraka za mamlaka ya dola ni mali yake, na kwamba zile za uendeshaji wa kila siku ndizo zilizoachwa Algeria. Algeria nayo hushikilia kwamba kilichoandikwa juu ya ardhi yake na watu wake ni cha ardhi yake. Mwezi Julai 2020 Ufaransa iliirejeshea Algeria mafuvu 24 yaliyokuwa yamehifadhiwa Paris. Mwezi Desemba 2021 ilifungua kabla ya wakati faili za uchunguzi wa polisi na mahakama za zama za vita vya uhuru. Mwezi Agosti 2022 marais Macron na Tebboune wakakubaliana kuunda tume ya pamoja ya wanahistoria. Lakini uhusiano wa nchi mbili ulipoharibika mwaka 2024, kwa sababu ya msimamo wa Ufaransa juu ya Sahara Magharibi, kazi ya tume ikakwama. Hapo ndipo msomaji anapoona jinsi daftari la mwaka 1850 linavyoweza kuwa mateka wa ugomvi wa mabalozi wa leo.

Vilivyopotea nyumbani

Hata hivyo, uadilifu unatulazimisha kusema na upande wa pili, ijapokuwa unauma. Si kila kitabu kilichopotea kimeibwa na mgeni. Tarehe 5 Januari 2010 moto uliteketeza sehemu kubwa ya maktaba ya IBLA mjini Tunis, iliyoendeshwa na Mapadri Weupe, shirika lilelile lililoanzishwa Algiers mwaka 1868 na ambalo wenyeji wa Tabora na Ujiji wanalifahamu. Mwezi Desemba 2011, katika mapambano baina ya waandamanaji na askari jijini Cairo, iliungua Taasisi ya Misri, iliyoasisiwa na Napoleon mwaka 1798 na iliyokuwa na vitabu vipatavyo 200,000. Na mwezi Mei 2023, mwezi mmoja baada ya kuanza vita vya majenerali wawili wa Sudan, iliteketea maktaba ya kituo cha Mohamed Omer Bashir katika Chuo Kikuu cha Ahlia, Omdurman, mojawapo ya hazina muhimu za historia ya Sudan. Katika siku hizo vijana wetu waliokuwa wakisoma Khartoum walikuwa wakikimbizwa kurudishwa makwao. Waliowasili salama tulimshukuru Mungu kwa ajili yao. Vitabu havikuwa na ndege ya kuvichukua.

Isitoshe, kuna upotevu usio na moto. Watafiti wa Algeria wenyewe wamelalamika kwa miaka mingi kwamba hifadhi za nchi yao ni ngumu kuingia, hasa kwa nyaraka za baada ya uhuru. Serikali inayodai nyaraka kutoka ng'ambo huku ikiwafungia raia wake zile zilizo ndani, inaidhoofisha hoja yake yenyewe. Kitabu kilichofungiwa Algiers na kitabu kilichofungiwa Paris, kwa mwanafunzi aliyesimama mlangoni, ni kitu kimoja.

Lakini pia imo mifano ya kutia moyo. Mwezi Januari 2011, polisi walipotoweka mitaani Misri, vijana wa Iskandaria walishikana mikono na kuizunguka maktaba kubwa ya mji wao, iliyofunguliwa mwaka 2002, ili isiguswe. Ilipoungua Taasisi ya Misri, wapo waliovibeba vitabu vilivyolowa maji na kuviokoa. Maktaba ya Qarawiyyin mjini Fez, katika msikiti ulioasisiwa mwaka 859 kwa juhudi za Fatima al-Fihri, ilifanyiwa ukarabati kuanzia mwaka 2012 chini ya msanifu majengo Aziza Chaouni, mwanamke wa Kimoroko aliyezaliwa mjini humo. Ndani yake imo nakala ya historia ya Ibn Khaldun ambayo mwandishi mwenyewe aliitoa wakfu. Mjini Casablanca, taasisi ya Mfalme Abdulaziz, iliyofunguliwa mwaka 1985 pembeni ya msikiti, ilijipa kazi ya kukusanya yale yanayoandikwa juu ya Maghrib, kwa Kiarabu, Kifaransa na lugha nyingine, na kuyaorodhesha kwa uangalifu. Mwenye kutaka kuijua Afrika Kaskazini leo hana lazima ya kuanzia Paris.

Kompyuta na mipaka yake

Watasema baadhi ya wasomaji: mbona siku hizi kila kitu kimo katika simu? Ni kweli kwamba programu ya al-Maktaba al-Shamila imewawekea wanafunzi wetu maelfu ya vitabu vya Kiarabu mikononi bila ya malipo, na hiyo ni neema kubwa. Ni kweli pia kwamba mradi wa Sudan Memory, ulioandaliwa na taasisi za Sudan pamoja na King's College London, ulipiga picha nyaraka nyingi kabla ya vita, na yale yaliyopigwa picha yamesalimika kwa kiasi hicho.

Lakini Shamila ni bahari ya vitabu vya tafsiri, hadithi, fikihi na tarehe. Daftari la kadhi, barua ya mchuuzi, gazeti la mwaka 1920 na hati ya wakfu vimo kwa uchache mno au havimo kabisa. Aidha, picha ya kitabu haina faida kama hakuna orodha inayosema kitabu hicho ni kipi, cha nani na cha lini. Anayeandika orodha hiyo ndiye mwenye ufunguo, hata kama milango yote imeachwa wazi. Akiandika juu ya faili "uasi" mahali ambapo wenyewe waliandika "jihadi", mtafiti wa miaka hamsini ijayo atatafuta kwa neno la mtawala.

Na sisi je?

Swali la mwisho linatuhusu. Aya iliyo ndefu kuliko zote katika Qur'ani, ile ya mwishoni mwa Suratul-Baqarah, inazungumzia kuandika deni na kuweka mashahidi. Dini iliyolipa jambo la kumbukumbu nafasi hiyo haiwezi kuwa na wafuasi wanaoacha karatasi zao ziliwe na mchwa. Daftari za makadhi wa Zanzibar na barua za Kiarabu za masultani zimo katika hifadhi ya Kilimani, Zanzibar, na wageni kutoka vyuo vya mbali wamezisoma na kuziandikia vitabu. Je, ni wangapi kati ya wahitimu wetu wa Kiarabu waliowahi kuketi hapo hata siku moja? Tarehe ya Kilwa iliyoandikwa kwa Kiarabu, nakala yake maarufu iko London. Miswada iliyo katika makasha ya familia za Lamu, Mombasa, Unguja na Ngazija haijaorodheshwa yote, na kila mazishi ya mzee mmoja huenda yakawa ndiyo mazishi ya kasha moja.

Tunapendekeza mambo matatu. Kwanza, kijana anayekwenda kusoma katika nchi za Kiarabu asirudi na shahada ya sharia peke yake. Aende pia katika hifadhi za nyaraka, ajifunze kusoma hati ya Maghrib na mwandiko wa makatibu wa mahakama, kwani elimu hiyo ndiyo itakayomwezesha kuzisoma karatasi za kwao. Pili, wenye mali wanaojenga misikiti wakumbuke kwamba wakubwa waliotangulia walikuwa wakitoa wakfu wa vitabu pamoja na wa majengo, na mshahara wa mkutubi ni sadaka kama lilivyo tangi la maji. Tatu, wenye miswada majumbani waruhusu ipigwe picha na kuorodheshwa papo hapo, kasha likibaki kwa mwenyewe, ili lisije likahitaji karne nne kurudishiwa kivuli chake.

Maktaba ya Babul-Khalq ilikarabatiwa kwa msaada wa mtawala wa Sharjah na kufunguliwa upya mwaka 2019. Milango inakarabatika. Kisichokarabatika ni mazoea ya kuwaachia wengine watusomee, kisha tukawalaumu kwa walichokisoma.

Tunamwomba Mwenyezi Mungu atujaalie kuwa miongoni mwa wenye kuhifadhi na kunufaisha. Wallahu a'lam.